Aya ya 4400

Baghdad, 12 Februari 2023

Mwalimu wangu Badriya,

Natumai umeipata barua hii ukiwa mzima, na kwamba dereva Abu Sattar hakuikalia njiani kama alivyoikalia ile ya mwaka jana. Kwa kuwa bado unakataa simu ukidai kila neno linasikilizwa, mimi naandika kwa kalamu mpaka vidole vinaniuma, na wenzangu hapa ofisini wakipita wananicheka. "Ghaith anamwandikia mchumba." Nimewajibu kwamba mchumba wangu ana miaka sitini na minane na ndiye aliyeandika programu inayowaweka mjini.

Habari yenyewe ni hii, na najua utanuna. Kompyuta kuu ya Daftari la Waliopotea inazimwa. Tumepata kigeuzi, yaani programu inayosoma programu nyingine. Unailisha ile mistari laki tatu ya Kobol, lugha ya kompyuta ya kizee, mliyoandika wewe na marehemu Hikmat, inaitafuna, na upande wa pili inatoa lugha ya kisasa, Java safi, bila kulala wala kuomba chai. Kazi ya watu kumi kwa miaka mitano tutaimaliza kwa wiki kumi. Siku niliyoiona ikifanya kazi nilisimama nikapiga makofi peke yangu kama mwehu.

Usiniambie tungeiacha kama ilivyo. Vipuri vya mashine yako tunavitoa kwenye mashine nyingine mbili zilizokwisha kufa. Siku ikigoma moja kwa moja, majina ya maelfu ya watu waliopotea vitani yatagoma nayo, na hakuna atakayejua nani anatafutwa na nani amekwisha kupatikana. Hilo wewe unalijua kuliko mimi.

Nina swali moja tu. Katika msimbo wako wote umeweka maelezo pembeni, mpaka siku uliyokuwa na mafua umeandika kwamba una mafua. Lakini aya ya 4400, mistari kumi na tisa, haina hata neno moja. Inauliza kama namba fulani ni 182 au 183, kisha inarukia kwingine. Inafanya nini? Kigeuzi kimekwama, na mimi pia nimekwama.

Mke wangu anakusalimu. Tunatarajia mtoto mwezi wa nne.

Mwanafunzi wako,
Ghaith Jabbar

*

Basra, 21 Februari 2023

Mwanangu Ghaith,

Umekuwa mkubwa mpaka unanitangaza mchumba mbele za watu, na mwandiko wako ni ule ule wa kuku aliyekanyaga wino. Mungu amjalie mkeo ajifungue salama, na mtoto arithi mwandiko wa mama yake.

Sikununa. Mashine ile nimeitumikia miaka thelathini na imenila masikio yote mawili kwa kelele zake, acha ipumzike. Badilisheni mtakavyo. Ila aya ya 4400 iacheni kama ilivyo. Usiniulize kwa maandishi. Niliiandika mwaka 1987, na mwaka ule mtu akiweka jambo fulani kwenye karatasi ya serikali, kesho yake kiti chake kilikuwa kitupu na hakuna aliyethubutu kuuliza. Unaweza kuniambia nyakati zimebadilika. Najua. Mkono wangu ndio haujui. Njoo Basra, nikukaangie samaki, na nitakueleza jikoni hatua kwa hatua.

Nitakuambia badala yake kwa nini naomba, kwa sababu katika miaka yote uliyokaa mbele ya meza yangu sikuwahi kukuambia. Mimi nina mtu wangu katika daftari hilo. Ndugu yangu Kadhim, Kadhim Jasim Hasan, alipotea vitani huko Fao, mpakani na Iran, mwaka 1986. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Baba yetu ni mmoja ila mama ni wawili. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo, na mama yake, Mama Fadhila, ndiye aliyenilea, akanisomesha na kunipiga. Kadhim ndiye mtoto pekee wa tumbo lake. Sasa ana miaka themanini na saba, macho yamekwisha, na kila gari likisimama nje ananiuliza ni nani.

Mwaka 2012 nilimpeleka akatolewa damu, ikawekwa maabara. Mabaki yanayoletwa kutoka mpakani yanapimwa kwa damu hiyo. Damu yangu haifai, maana wanatafuta mnyororo wa upande wa mama na mimi sipo ndani yake. Mama Fadhila hana dada, hana kaka, hana mpwa. Kwa hiyo Ghaith, kati yangu na mifupa ya ndugu yangu kuna kichupa kimoja tu cha damu, na kichupa hicho kinatunzwa kwa muda ambao jalada la Kadhim liko wazi. Ndiyo maana nasema aya ile iache.

Kula vizuri. Unakonda ukiwa na kazi.

Mama yako,
Badriya Jasim

*

Baghdad, 10 Aprili 2023

Mwalimu,

Hongera zangu nitumie kwa mkono wa Abu Sattar: ni binti, tumemwita Ruqaya, na ana sauti ya jenereta. Ndiyo sababu sikuja Basra kama nilivyopanga. Mtoto, mfungo, na kazi hii isiyoisha, vimenijia kwa mpigo.

Barua yako niliisoma mara mbili. Sikujua habari za Kadhim, na niliona aibu kwamba sikuwahi kukuuliza. Nikuhakikishie kwamba daftari lote limehama bila kupungua hata jina moja. Tumefanya majaribio elfu kumi na mbili, na yote yamepita. Yote, Mwalimu! Mkurugenzi Nawfal amebandika karatasi ya matokeo mlangoni kwake.

Kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwingine. Kigeuzi kilitupa orodha ya aya thelathini na moja ambazo katika majaribio hayo yote hazikuguswa hata mara moja. Aya zilizokufa, ndivyo zinavyoitwa. Ya 4400 ni mojawapo. Nilisita, wallahi. Nilimwambia Mkurugenzi kwamba aliyeiandika ameomba iachwe. Akaniuliza, "Amesema inafanya nini?" Nikasema hakusema. Akacheka. "Basi tubebe mizigo ya kila bibi aliyestaafu?" Nikatia saini ifutwe.

Usikasirike. Majaribio hayakuwa ya mzaha. Tulitumia nakala ya daftari zima. Kwa kuwa mafundi wa Amman waliotuuzia kigeuzi hawaruhusiwi kuona siri za familia, tulivuruga kwanza majina na tarehe zote, kila mtu akapewa tarehe ya kubahatisha, kisha ndipo tukaipeleka. Aya ambayo haikuamshwa na watu wote hao ilikuwa imelala tangu zamani. Naamini ilikuwa na kazi mwaka 1987, na kazi hiyo ikaisha.

Tunaanza rasmi tarehe mosi Mei. Nitakuja baada ya hapo, na nitakula samaki wawili.

Ghaith

*

Basra, 9 Mei 2023

Ghaith,

Barua yako ya mwezi uliopita nimeipata leo. Abu Sattar gari lilimfia Nasiriya, akalala huko, Idi ikamkuta, na barua ikabaki chini ya kiti na makasha ya nyanya. Anaapa kwa watoto wake kwamba alisahau. Nimemfukuza mlangoni, kisha nikamwita arudi aichukue hii.

Kabla hujasoma mstari unaofuata, nijibu. Baba yako alizaliwa lini?

Mosi Julai. Mnamtania kila mwaka, umeniambia mwenyewe, kwamba yeye na kaka zake wote wanne walizaliwa siku moja kama paka. Na mimi je? Mosi Julai. Kadhim? Mosi Julai. Nusu ya wazee wa nchi hii walizaliwa mosi Julai, kwa sababu karani alipofika vijijini na daftari lake na kuuliza mtoto huyu kazaliwa lini, wakamwambia mwaka wa mafuriko, yeye akaandika mwaka na kuweka siku aliyoagizwa aiweke. Hilo kila muuza mboga analijua. Mnalicheka nyumbani, kisha mnavaa tai, mnaingia ofisini na kulisahau.

Mosi Julai ni siku ya 182 ya mwaka. Mwaka mrefu, wa siku 366, ni ya 183. Umeelewa sasa?

Programu inapoletewa maiti aliyetambuliwa, inalinganisha jina lake, la baba, la babu, na tarehe ya kuzaliwa. Vinne vikilingana na jalada lililo wazi, inawaunganisha na kuwafanya mtu mmoja, amepatikana, jalada linafungwa. Lakini nchi hii ina Kadhim Jasim Hasan wangapi? Kila mtaa una wake. Tarehe ndiyo ilikuwa iwatenganishe, na tarehe ni ya uongo. Kwa hiyo aya ya 4400 ilisema hivi: vinne vikilingana na siku ni ya 182 au 183, usiamini. Uliza jina la mama. Lisipolingana, mwachie binadamu aamue. Ni hayo tu.

Na wewe ukamnyang'anya kila mtu mosi Julai yake, ukampa tarehe ya kubahatisha, kisha ukashangaa aya haina kazi!

Sikuandika maelezo kwa sababu mwaka 1987 kuandika kwamba daftari la serikali lina tarehe za uongo ilikuwa ni kuomba kuja kuchukuliwa. Mwenzetu mmoja alilisema kwa mdomo tu, kwenye chai, na hatukumwona tena. Lakini nisijifiche hapo. Serikali ile imeanguka miaka ishirini iliyopita, na miaka ishirini sikupata dakika moja ya kuandika mstari mmoja. Hata wewe uliponiuliza mwezi wa pili, nilikuambia njoo ule samaki. Hilo ni langu, na nalijua.

Sasa simama. Mtafute Kadhim kwenye mashine yako mpya. Kama wamemuunganisha, mtenganishe, na kabla ya hilo nenda maabara ukakizuie kile kichupa. Majalada yakifungwa, damu zake huchomwa mwisho wa mwezi, ndiyo kanuni. Nakuomba kama ninavyomwomba Mungu.

Badriya

*

Baghdad, 25 Mei 2023

Mwalimu mheshimiwa,

Barua yako ya tarehe 9 nimeipokea na nimeielewa. Asante kwa ufafanuzi.

Nimemtazama Kadhim. Yuko mahali pake. Nimelifikisha suala la aya ya 4400 kwa Mkurugenzi, na linashughulikiwa kwa utaratibu uliowekwa. Naomba usiwe na wasiwasi na uangalie afya yako na ya Mama. Joto limeanza.

Ruqaya hajambo.

Wako mtiifu,
Ghaith Jabbar

*

Basra, 12 Juni 2023

Ghaith,

Uliniandikia, "Yuko mahali pake." Ninayo hapa mbele yangu. Niliposoma barua ile nilijiambia huyu si Ghaith, huyu ni karatasi ya ofisi, kisha nikajikaripia kwamba nina shaka kama mzee yeyote. Nikalala usingizi mzuri wiki mbili.

Jana asubuhi gari lilisimama nje. Mama akauliza ni nani, nikamwambia ni jirani, kama ninavyomwambia siku zote. Safari hii mlango ukagongwa. Kijana nadhifu, ana bahasha.

"Hii ndiyo nyumba ya Kadhim Jasim Hasan?"

Mama alimsikia kutoka chumbani. Mimi kiziwi nilimsoma midomo, yeye kipofu akamsikia. Akaja akipapasa ukuta. "Ndiyo. Ndiyo nyumba yake. Ingia, mwanangu, ingia."

"Pole, Hajja, na hongera. Amepatikana. Amezikwa Najaf tangu mwaka 2011."

"Tangu 2011!" Mama akapandisha sauti. "Na nyinyi mlikuwa mnangoja nini? Chai ipoe?"

Kijana wa watu akababaika, akasema ni kompyuta mpya, Hajja, ya zamani ilikuwa imelala. Mama akamshika kichwa kwa mikono miwili, akambusu paji, akapiga kigelegele. Ghaith, bibi wa miaka themanini na saba, mbavu zinaonekana, alipiga kigelegele mpaka majirani wakatoka. Akanituma nilete tende zote zilizomo ndani, nisibakize.

Kisha akanipa karatasi. "Soma, Badriya. Soma yote, usiruke."

Nikasoma. Kadhim Jasim Hasan. Mosi Julai 1958. Mzaliwa wa Diwaniya. Hatujawahi kufika Diwaniya. Jina la mama: Shukriya. Nilipofika hapo nikasoma Fadhila. Nikasema na Basra mahali pa Diwaniya. Akaniambia rudia pale penye jina langu, nikarudia.

Nimefanya kosa? Sijui. Niambie wewe, wewe mwenye majaribio elfu kumi na mbili. Usiku kucha amekuwa akiimba. Anataka nimpeleke Najaf sikukuu ya Idi akamwone mwanawe. Nikimwambia kweli, namuua. Nisipomwambia, namfungia njia ya kumtafuta yule aliye wetu, aliyelala huko mpakani bila mtu.

Sitaki maelezo, wala radhi. Nijibu neno moja. Damu ya Mama ipo?

Badriya

*

Baghdad, 26 Juni 2023

Mwalimu,

Haipo.

Nilianza barua hii mara sita nikitafuta njia ya kulisema polepole, na hakuna. Ilichomwa tarehe 31 Mei, pamoja na nyingine.

Barua yako ilinifikia tarehe 12 Mei. Siku hiyo hiyo nilifungua daftari na nikamkuta Kadhim ameunganishwa na mtu wa Diwaniya, jalada limefungwa tangu tarehe mosi, programu ilipoanza na kupitia majina yote kwa mara ya kwanza. Nikahesabu wote walioungwa hivyo, yeye akiwemo. Mia mbili na sita, Mwalimu. Wote mosi Julai. Nikakimbia kwa Mkurugenzi na barua yako mkononi. Akaisoma, akafunga mlango. Akasema, "Tarehe nne Juni mgeni mkubwa anakuja kuzindua. Unataka nimwonyeshe daftari linalozika watu wasiokufa? Baada ya sherehe tutarekebisha kimya kimya." Nikamwambia damu zitachomwa kabla ya hapo. Akasema yeye ataongea na maabara. Hakuongea.

Ningeweza kumlaumu yeye na nikaishia hapo. Lakini maabara iko mwendo wa dakika kumi kutoka kwenye meza yangu. Naipita kila siku nikienda kununua mkate. Nilikuwa na siku kumi na tisa. Kila siku nilijiambia leo ataongea nao, na nikiingia kwa nguvu nitafukuzwa, na nina mtoto mchanga. Tarehe 25 nilikuandikia uongo nikiwa bado na siku sita, nikiamini nitaurekebisha kabla hujaujua. Kwenye sherehe walikata keki yenye umbo la kompyuta. Nilikula kipande.

Jana nimelifungua jalada la Kadhim kwa mkono wangu, bila ruhusa, na nimeirudisha aya ya 4400 kama ulivyoiandika. Wakinifukuza na wanifukuze. Sasa nisikilize, maana bado kuna njia. Mama yupo hai. Nimemwomba muuguzi wa maabara, ana ndugu yake katika daftari, amekubali kuja nami. Alhamisi, Idi au si Idi, nitakuwa mlangoni kwako na vifaa na fomu. Tutachukua damu mpya, na yote yatarudi yalivyokuwa. Mama hana haja ya kujua ni ya nini. Tutamwambia ni ya sukari.

Usiende Najaf kabla sijafika. Nakuomba. Nimempa Abu Sattar barua hii mkononi na nimemwapisha.

Ghaith

*

Basra, 9 Julai 2023

Ghaith,

Abu Sattar aliitimiza ahadi yake. Alifika Jumanne jioni akakuta mlango umefungwa, akaipitisha chini ya mlango. Jirani ananiambia na wewe ulikuja Alhamisi, wewe na mwanamke mwenye sanduku la barafu, ukakaa kizingitini mpaka Adhuhuri kwenye jua lile. Tulikuwa tumeondoka Jumatatu.

Nikueleze yote, kwa sababu hakuna mwingine wa kumweleza.

Njia nzima Mama hakunyamaza. Alinisimulia Kadhim alivyokuwa akiiba maziwa, alivyoogopa punda, mambo ambayo mimi mwenyewe niliyaona kwa macho yangu. Tulipofika makaburini nilitafuta ile safu na ile namba kama ilivyoandikwa, na tulipoikuta alikuwapo mwanamke amekaa. Amevaa nyeusi, umri wangu au kunipita kidogo. Anasafisha jiwe kwa maji ya waridi. Mke wa marehemu. Marehemu mwenyewe, yule wa Diwaniya. Anaitwa Umm Haidar, na huja kila Idi.

Mama akaniachia mkono, akapapasa, akalipata jiwe, akalilalia kifua. "Mwanangu. Mama yako nimefika. Walinichelewesha."

Umm Haidar aliniangalia. Nilidhani atapiga kelele, ana haki. Mimi nilikuwa nalia. Alimwangalia Mama muda mrefu, kisha akajisogeza na kumpisha nafasi. Akachukua chupa yake ya maji ya waridi akaitia mkononi mwa Mama.

"Mwagia, Hajja. Yeye alipenda."

"Wewe nani, binti yangu?"

"Mimi natunza kaburi hili."

"Mungu akutunze kama ulivyomtunza mwanangu," Mama akamwambia, na yule mwanamke akaitikia amina.

Mama alifariki Ijumaa, siku ya pili ya Idi, katika nyumba ya wageni. Hakuugua. Aliomba maji, akasema kumekuwa baridi, akalala. Aliusia azikwe kando ya mwanawe. Nafasi kando ya kaburi lile ilikuwa moja, na ilikuwa ya Umm Haidar, aliyejiwekea mwenyewe miaka kumi na miwili. Nilimfuata kumwambia tutatafuta kwingine. Akasema, "Mpe. Mimi nimekaa na mume wangu, yeye hajakaa na mtoto wake." Tukamzika hapo.

Najua unachofikiri sasa, maana nilikufundisha mimi kufikiri. Kitana chake, ushungi wake wenye unywele. Maabara haipokei. Kanuni ya kwamba sampuli lazima itolewe kwa mtu aliye hai, mbele ya shahidi, niliiandika mimi, aya ya 2100, kwa sababu watu kwa uchungu wao walikuwa wakileta nywele za yeyote. Hiyo aya majaribio yenu yaliigusa, nina hakika. Na kaburi lake usiliguse. Akifukuliwa, Umm Haidar atajua kwamba nafasi yake ilichukuliwa na kosa la mashine yetu.

Jalada ulilolifungua liache wazi au lifunge, ni sawa. Wale wengine mia mbili na tano watafutie mama zao wakiwa bado wanapumua. Usingoje mkurugenzi.

Nimekaa nikitafuta nikulaumu kwa lipi. Damu sikulaumu peke yako, nusu ni ya ukimya wangu. Uongo wa mwezi wa tano nimekusamehe, maana na mimi nilisoma Fadhila penye Shukriya. Kisichotoka moyoni ni kigelegele kile. Miaka thelathini na saba nilimtumikia Mama na sikuweza kumpa siku moja kama zile kumi na tisa za mwisho. Zilikuwa za furaha tupu, na kilichompa ni kosa lako. Kila nikitaka kukuchukia naisikia sauti yake, na kila nikitaka kukushukuru namwona Kadhim.

Jana wamesema mabaki mengine yameletwa kutoka mpakani. Zamani nilikuwa nikisikia hivyo naenda kusimama barabarani malori yapite. Jana nilikwenda pia, kwa mazoea ya miguu tu. Yalipita saba. Huenda alikuwa katika mojawapo, amefika Basra, umbali wa hatua tano kutoka niliposimama, na sasa hakuna mtu duniani anayeweza kumtambua.

Badriya Jasim